Ukoo wa Bibi Somoe – MWALI JUMAMOSI

*Jumatano*

Dada Asumini, 06:12: Asalaam alaikum wana ukoo. Jumamosi tunamtoa mwali, Mikindani, nyumbani kwa mama. Mchango wa turubai na spika wametoa watu wanne. Wanne! Na tiki za bluu naziona.

Dada Asumini, 06:13: Pili, igizo. Video ya mazoezi ya jana hiyo hapo. Shaibu umeliharibu. Babu anatakiwa aache wosia, afe. Wewe umekufa dakika nne, umeanguka mara tatu, katikati umefufuka ukaomba maji.

Dada Asumini, 06:41: Mpo?

Hamisi Dar, 07:55: 😂😂😂 Ile ya tatu nimemwaga chai

Shaibu, 08:20: Dada, zile zinaitwa hisia.

Dada Asumini, 08:20: Zile mbwembwe.

Shaibu, 08:23: Mbwembwe ni za bwana harusi akishuka kwenye gari. Mimi niliweka madoido.

Dada Asumini, 08:23: Basi umetia chumvi. Umeridhika?

Mwl. Rehema, 10:04: Nimetoka darasani nakuta mnagombea maneno. Chumvi ni ya mdomo: unasimulia umevua papa kumbe kibua. Mbwembwe ni za mwili, mwendo na mikono. Madoido ni urembo juu ya kazi ambayo tayari imekamilika, ndiyo maana mwimba taarabu akiyaweka anatuzwa. Manjonjo mpeni winga anayempiga chenga beki yule yule mara mbili bila sababu. Halafu kuna kujifaragua. Hilo si la kazi, ni la mtu mwenyewe.

Shaibu, 10:06: Kwa hiyo mimi langu lipi?

Mwl. Rehema, 10:06: Yote, toa madoido.

Hamisi Dar, 10:09: 😂 Mwalimu, na mtu anayesoma habari za mchango kila siku halafu kimya, kama Sefu, yeye anaitwaje?

Mwl. Rehema, 10:10: Huyo anajitia hamnazo.

Dada Asumini, 10:15: Jamani turubai! Mwenye nalo anataka nusu leo. Na Zai, wewe mjukuu unayemlilia babu, unajiliza tu, hata chozi halitoki. Nitakuja na kitunguu.

Hamisi Dar, 10:16: Kitunguu kibaki cha pilau

Mama Mdogo Mwanahawa, 11:32: Kujiliza. Nililisikia neno hilo msiba wa baba, nimelazwa mkekani, ninyi mko jikoni. Mlidhani aliyezimia hasikii.

Dada Asumini, 11:40: Mama mdogo, shikamoo. Tunazungumzia igizo.

Mama Mdogo Mwanahawa, 11:44: Na mimi nazungumzia igizo. Kuna mtu alisema, "Mwacheni, akisikia harufu ya pilau atazinduka." Baba yangu hata udongo haujakauka. Na mikorosho ya Naliendele nikakaa kimya.

Hamisi Dar, 11:45: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Mdogo Mwanahawa, 11:46: Nimeshausoma, Hamisi.

Sefu, 14:50: Nani kanitaja?

Dada Asumini, 14:50: SEFU. Turubai.

Sefu, 14:58: Nasubiri hela ya korosho. Ijumaa.

Shaibu, 15:20: Mimi naomba kujua tu, nakufa mara ngapi?

Mjomba Chande, 20:47: Waalaikumu salaam. Mjukuu amenisomea yote, na haya anaandika yeye, nasema mimi. Nimekulia Newala. Ya midimu, ile ngoma ya vinyago, mengi hayasemwi humu, hili linasemeka. Ukivaa sura ya mti, uso umekufa. Kicheko unakipeleka begani, hasira unaipeleka mguuni. Lazima uzidishe, la sivyo aliyekaa chini ya mwembe haoni kitu. Hata ngonjera zetu za shule, zile alizozieneza marehemu Mnyampala baada ya Azimio la Arusha 1967, tulinyoosha mikono mpaka kwapa zikauma. Hakuna aliyetuambia mbwembwe. Uwanja ulikuwa mkubwa na kipaza sauti hatuna. Na ninyi spika hamjalipia. Mwacheni Shaibu azidishe, ila aanguke mara moja.

Mjomba Chande, 20:52: La pili. Midimu ukishavua hutembei hivyo barabarani, na mtu anayelia msibani hajavaa sura ya mti. Siku ile Mwanahawa alizimia, mimi ndiye niliyembeba. Aliyesema neno la pilau namjua, na yeye anajua kuwa namjua. Aende kwa mdogo wangu kabla ya Jumamosi. Asipige simu. Aende.

Shaibu, 20:53: Shikamoo Mjomba. Nimeelewa.

Mwl. Rehema, 20:55: Shikamoo Mjomba.

Zai, 20:55: Shikamoo babu

Sefu, 20:56: Shikamoo Mjomba

Hamisi Dar, 21:10: Shikamoo Mjomba. Mimi niko Dar jamani, nitaendaje kabla ya Jumamosi

Mwl. Rehema, 21:11: Hamisi, nani kakutaja?

Dada Asumini, 22:38: Mjomba nimesikia.

Dada Asumini, 22:41: Mama mdogo, kesho alasiri utakuwepo nyumbani?

*Alhamisi*

Dada Asumini, 05:58: Asalaam alaikum. Turubai bado ni wale wale wanne. Mazoezi saa kumi na moja jioni, nikichelewa anzeni na Rehema. Shaibu, mara moja.

Shaibu, 06:30: Mara moja, ila ndefu.

Dada Asumini, 06:31: Mama mdogo?

Sefu, 09:15: Kwani kuanguka mara moja spika si hatuhitaji tena?