Naomba ushauri: Cusco moja kwa moja, au tulale bondeni kwanza?

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada wa waliowahi kufika Peru na Ekuador.

Agosti mimi na mama tunasafiri na kundi la watu 14: Amazon upande wa Ekuador, halafu mji wa Cusco na magofu ya kale ya Machu Picchu huko Peru, mwisho visiwa vya Galápagos. Mama ana miaka 63 na anatumia dawa za presha. Ndoto ni yake, kobe wale wakubwa wa Galápagos anawaongelea tangu nikiwa mdogo.

Wasiwasi wangu ni Cusco. Tunatoka Lima, usawa wa bahari, kwa ndege ya saa moja na kitu, tunatua mita 3,400. Tulipopanda Kilimanjaro, pale kambi ya Mandara tu, mita 2,700, mama alishika kichwa usiku kucha, hata chai ikamshinda.

Daktari wake amemruhusu, ila apumzike siku za mwanzo. Kampuni inasema ratiba haibadiliki, lakini sisi wawili tunaweza kukodi gari uwanja wa ndege tukalale Ollantaytambo, mji ulio bondeni chini ya Cusco, mita 2,800 hivi. Treni ya Machu Picchu inapitia hapo, kwa hiyo kundi litatukuta.

Je, aliyelala bondeni kwanza aliona nafuu kweli, au tunajitenga na wenzetu bure?

Pili, Galápagos tutalala melini siku nne, na Agosti bahari ya huko huchafuka. Kwa mtu wa kichefuchefu, tuombe chumba cha chini katikati, au cha juu chenye hewa? Nafasi wanafunga Ijumaa.

Natanguliza shukrani.