Mnaosema "vaa tu nguo nzito" kwa waendesha baiskeli wa winta, mnatuchosha!!

Wakuu salamu, ila leo sijaja kwa amani.

Kila mtu akisema kuendesha baiskeli kwenye baridi kali ni mateso lazima ajitokeze mjuaji mmoja na lile jibu lake, "vaa tu nguo nzito acha kulalamika". Hivi nyie mmewahi kweli kukanyaga pedali nje kukiwa chini ya sifuri au mnaandika mkiwa mmejifunika blanketi?

Haya tuanze na hizo nguo zenu. Umejaza sweta na makoti, mwanzoni unasikia raha, ukifika kwenye mlima mwili unachemka jasho linatiririka mgongoni, sasa subiri mteremko uje, upepo ukupige na hiyo fulana iliyolowa ndo utajua hujui. Anayeendesha anatakiwa akitoka mlangoni asikie kibaridi kidogo, ndani asivae pamba maana pamba ikishanywa jasho haikauki leo wala kesho, juu kitu cha kuzuia upepo, basi. Na upepo wenyewe unautengeneza wewe hata kama hewa imetulia, nyuzi 0 ukiwa spidi ya kilomita 20 kwa saa ngozi inasikia kama -5. Mtembea kwa miguu hayamkuti hayo, sasa ananishauri nini?

Alafu kifua na mgongo wala siyo shida, shida ni VIDOLE. Vimekaa tu kwenye usukani vinapigwa upepo, damu inavikimbia, mwanzo vinauma baadae vinakufa ganzi na hapo ndo balaa maana unavuta breki huku hujui umevuta kiasi gani. Ukiingia ndani damu ikianza kurudi, aisee, mtu mzima unatoa machozi. Glavu za vidole vitano hata ziwe nene vipi kila kidole kinaganda kivyake, zile zinazokusanya vidole pamoja ndo afadhali ila nazo kubadili gia unapapasa kwanza. Na wale wa "ongeza soksi", ukiongeza soksi kiatu kinabana, damu haipiti, miguu inaganda zaidi. Kiatu kikubwa kwanza ndo soksi.

Na baiskeli je, nayo niivalishe sweta? Kuna asubuhi nimetoka, nakanyaga pedali zinazunguka, cheni inakwenda, gurudumu la nyuma limetulia tuli halina habari na mimi. Friwili hiyo, kile kifaa cha gurudumu la nyuma kinacholiacha lizunguke lenyewe usipokanyaga, na ukikanyaga kinashika. Grisi ya ndani imekuwa nzito kwa baridi, vile vimeno vyenye springi haviinuki vikashika. Fundi mmoja akaniambia eti mwagia maji ya moto!! Jamani, maji yakibaki mle ndani yakapoa si yanakuwa barafu? Dawa ni kutoa grisi yote na kuweka oili nyepesi. Waya wa breki nao ukiingiwa maji ndani ya kava unaganda, unavuta hadi mkono unauma hamna kitu. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ndo inamalizia cheni. Wa baiskeli za umeme na nyie msichaji betri ikiwa ya baridi hivyo, iingizeni ndani ipate joto kwanza, mtaiua.

Sasa linalonipandisha presha kuliko yote ni hawa wanaosafisha theluji. Barabara ya magari wanaikwangua safiii, theluji yote wanaisukuma pembeni, na pembeni kwenyewe ndo njia ya baiskeli!! Mchana inayeyuka kidogo, usiku inaganda, asubuhi ni barafu tupu isiyoonekana hata ukikodoa macho. Nikiingia barabarani napigiwa honi, nikibaki pembeni nalala chali. Na msiniambie haiwezekani, Copenhagen kule Denmark njia kuu za baiskeli wanazipa kipaumbele cha kusafishwa kuliko barabara za magari, na Oulu kule Finland, kaskazini kabisa, watoto wanaenda shule kwa baiskeli juu ya theluji iliyoshindiliwa vizuri, mpaka kongamano la kimataifa la baiskeli za winta la 2013 lilifanyikia hapohapo. Kwa hiyo baridi siyo kisingizio, ni watu tu hawataki.

Nawaza kufunga tairi za misumari, zile zenye vimisumari vya chuma vya kung'ata barafu. Mbele ni lazima, hilo halina mjadala, la mbele likiteleza unajikuta chini hata hujajua kimetokea nini, la nyuma angalau unaweza kulirudisha. Ila kuna wanaosema funga zote mbili, na kuna wanaosema ukipita sana lami kavu misumari inaisha mapema. Anayezitumia kweli, siyo aliyesoma mahali, aseme zinadumu vipi. Povu ruksa.