Yule bwana wa kofia katuzimia maiki jana, eti "huu ni muziki wa aina gani?"

Wakuu, naandika huku natetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Shughuli yoyote ya sanaa Dodoma hii lazima maiki ashike yeye, utadhani alizaliwa nayo mkononi.

Jana tumepanda jukwaani na madumu ya lita 20, yale yale ya kutekea maji, ndiyo ngoma zetu. Gitaa moja, spika inakoroma, mapigo mbio kama singeli. Wimbo unahusu foleni ya maji Nkuhungu: mama kaamka saa tisa usiku, bomba linatoa upepo. Ni panki (punk), muziki wa kasi wa kulalamikia mambo. Tunapiga wenyewe, tunarekodi kwa simu, tunarusha wenyewe mtandaoni. Ubeti wa pili hatujaufikia, bwana mkubwa kazima. KAZIMA! Meno yote nje, kidole bado kwenye kitufe: "Vijana, huu ni muziki wa aina gani? Kwenye fomu mliandika nini?"

Fomu! Watu hawana maji, yeye fomu!

Pussy Riot, kundi la panki la wanawake wa Urusi, Februari 2012 waliimba kanisani Moscow kumpinga Putin, hata dakika haikuisha. Watatu wakapigwa miaka 2 jela, lakini video ilishazunguka dunia. Angalau kule wakubwa walisikia maneno. Sisi katuzimia kabla mama hajafika bombani! Na singeli si iliitwa kelele za uswahilini? Leo madijei wake wanaitwa Ulaya.

Kazima, wakuu. Katikati ya neno "maji".

Mtoto wa Kizota: Pole mkuu, ila nilikuwepo. Hata dumu lilikuwa linaomba msamaha.

Binti Mpwapwa: Wewe nawe! Marehemu mzee Hukwe Zawose alitoka Ugogoni hapa na zeze na ilimba, vile vyombo vya asili vya Kigogo, hadi majukwaa ya Ulaya, alijaza fomu ya nani? Huyo wa kofia harusini kwa dada yangu alikosea jina la bwana harusi. Mara tatu.

Mtoto wa Kizota: Kumbe na kwenu? Kwetu alikula keki kabla ya maharusi.

Baba Chilonwa: Upepo bombani afadhali. Huku Ilazo mita inazunguka kwa huo huo upepo na bili inakuja.

Mwanzisha uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Alizima maiki!

Binti Mpwapwa: Baba Chilonwa, yako imekuja shilingi ngapi?