Mjadala: Utafiti wa maeneo unaongoza sera, au mpaka umeshaamua kabla mtafiti hajafika?

Mtoa mada
Wakuu, kuna jambo linanikera katika namna Umoja wa Ulaya unavyogawa fedha za kuinua mikoa iliyobaki nyuma. Kigezo kinapendeza kwa mbali: mkoa ambao pato lake kwa kila mtu liko chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja ndio unaopata fungu nono. Sawa, lakini mkoa ni nini?

Chukua kalamu. Kuna wilaya nne zenye idadi sawa ya watu. Tuseme wastani wa Umoja ni 100. Tatu zina pato la 40 kwa kila mtu, ya nne ina jiji na pato lake ni 200. Jumlisha, gawa kwa nne, unapata 80. Mmevuka 75, fungu nono hampati. Sasa zungushia jiji mstari wake peke yake. Zile tatu zinasoma 40 na zinaingia kwenye mgao. Hakuna aliyetajirika wala aliyefukarika hapo, ni wino tu umesogea.

Na yametokea. Ireland ilikuwa ikihesabiwa kama mkoa mmoja. Ilipoanza kuneemeka, mwaka 1999 ikagawanywa mara mbili, na upande wa mpakani, kati na magharibi ukabaki kwenye fungu la juu kwa kipindi cha 2000 hadi 2006. Hungaria ikaitenga Budapest, Poland ikaitenga Warsaw na viunga vyake, Lithuania ikaitenga Vilnius; migawanyo hiyo ikaanza kutumika kwenye takwimu mwaka 2018. Halafu tunaambiwa sera inafuata utafiti!

Mpimaji
Mkuu, umeanza vizuri ukaishia pabaya. Kwenye mfano wako mwenyewe, wale wa 40 walikuwa maskini tangu mwanzo, jiji ndilo lililokuwa likiwafunika. Mstari mpya umewafunua. Mimi nashinda kwenye ramani kila siku, na sijaona mpaka usioficha kitu. Kazi ya mtafiti ni kusema unaficha nini. Ondoa kigezo uone: fedha zitamfuata mwenye sauti kubwa.

Mtoa mada
Mbona basi ukweli huo hufunuliwa pale tu unapoleta fedha?

Msomaji wa pembeni
Mnagombania mstari, mimi nina shida na kipimo chenyewe. Pato huhesabiwa pale kazi inapofanyika, watu huhesabiwa pale wanapolala. Tazama Luxembourg: karibu nusu ya wafanyakazi wake huvuka mpaka asubuhi wakitoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Kwenye hesabu ya kugawa pato kwa idadi ya watu, jasho lao limo kwenye pato, wao wenyewe hawamo kwenye idadi ya watu. Nchi ni tajiri kweli, ila namba hiyo inaitajirisha zaidi. Kule wanakorudi jioni na mshahara mfukoni, takwimu inapaonyesha pakavu kuliko palivyo. Ukijenga sera ya usafiri au nyumba kwa namba hiyo, utajenga upande usio na watu.

Mzee wa afya
Vijana, mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu Soho, London. Tabibu John Snow hakukaa kusubiri wastani wa jiji zima, maana wastani huo ungemeza vifo vya mitaa michache. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza maji mnateka wapi. Kulikuwa na kiwanda cha bia pale pale Broad Street, wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja: walikuwa wakinywa bia, na kiwanda kilikuwa na kisima chake. Wengi waliokufa walikuwa wakiteka kwenye pampu ya mtaani, basi mpini wake ukang'olewa. Huo ndio utafiti wa eneo, wa kwenda kuuliza.

Mpimaji
Shikamoo mzee. Mfano mzuri, ila tuumalizie: mpini ulipong'olewa ugonjwa ulikuwa umeshaanza kupungua, na ile ramani maarufu aliichora baadaye. Wakubwa wa afya hawakumkubali hata hivyo.

Mzee wa afya
Marahaba. Hapo umenibana. Lakini hawakumkubali kwa ubishi wao.

Mtoa mada
Nakubali nusu. Napendekeza hivi: mipaka ipangwe na watu wa takwimu kabla kigezo cha fedha hakijatangazwa, na data za kata moja moja ziachwe wazi, kila mtu achore mstari wake aone kinachobadilika.

Mpimaji
La kwanza naunga mkono kwa mikono miwili. La pili, kata moja moja utapata idadi ya watu, nyumba, maji, shule. Pato hulipati. Kampuni ina matawi kumi na hesabu moja. Faida utaiandika kata ipi? Tunachofanya ni kuigawanya kwa idadi ya wafanyakazi au mishahara, kisha tunaiita takwimu ya mkoa. Kadiri unavyoshuka chini ndivyo inavyozidi kuwa makisio.

Mtoa mada
Kwa hiyo ile asilimia 75 inasimama juu ya makisio?

Mpimaji
Kwa sehemu, ndiyo.

Msomaji wa pembeni
Si mpime hayo maji na shule, basi?