Binti yangu ana ndoto kubwa ya masomo na moyo wa kumsaidia kila mtu: nimsaidieje asichoke mapema?

Baba wa Binti Mmoja ameuliza:

Nawasalimu nyote. Nina binti mwenye umri wa miaka 16 ambaye, kwa macho ya wengi, hana tatizo lolote, na ndiyo maana nimechelewa kuuliza. Ni mpole, hana makuu, hufanya kazi bila kusukumwa, na tangu akiwa na miaka 12 amekuwa akisema kwamba atasoma hisabati mpaka afikie shahada ya uzamivu. Hasemi hivyo kwa kujigamba. Ameyaandika maneno hayo kwa penseli upande wa ndani wa jalada la daftari lake, kwa herufi ndogo ambazo mtu asiyezitafuta hawezi kuziona.

Wiki tatu zilizopita niliamka saa nane usiku nikaona mwanga chini ya mlango wake. Nilidhani anajiandaa kwa mtihani wa keshokutwa yake. Kumbe alikuwa ananakili kurasa zipatazo 40 za daftari lake, kwa mwandiko wa kupendeza na vichwa vya habari vya rangi, kwa ajili ya mwenzake aliyekosa masomo kwa kuugua. Nilipochunguza polepole katika siku zilizofuata, niligundua kwamba huyo hakuwa wa kwanza. Wapo wanaomwomba awasahihishie insha, wapo wanaopiga simu jioni kuuliza swali moja ambalo huzaa mengine matano, na mara mbili amefanya peke yake kazi ya kikundi cha watu wanne kwa sababu hakutaka kuwasumbua wenzake. Katika mtihani wenyewe wa hisabati alipata alama 71 kati ya 100, yeye ambaye amezoea 90 na zaidi. Hakuniambia. Niliikuta karatasi imekunjwa ndani ya kamusi nilipokuwa nikitafuta neno, nikairudisha palepale.

Jioni ile, bila kuitaja karatasi, nilimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa ana akili kuliko sisi sote nyumbani. Nilitarajia atabasamu. Badala yake aliinuka, akaenda chumbani, nami nikamsikia akilia. Mpaka leo sijajua nilikosea wapi. Je, nimshauri apunguze ndoto yake, nimkataze kuwasaidia wenzake, au nimwache dunia imfundishe? Sitaki awe mbinafsi, lakini pia sitaki afike chuo kikuu akiwa amekwisha nguvu.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ndugu yangu, pole kwa mawazo, na hongera kwa kuirudisha karatasi ile mahali pake. Wazazi wengi wangetoka nayo mkononi wakidai maelezo.

Nianze na kile kilio, kwa sababu nadhani jibu lako limo humo. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha matokeo ya majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa shule za msingi nchini Marekani. Baada ya kufumbua mafumbo ya kiwango cha wastani, baadhi ya watoto walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa bidii yao. Kisha wote walipewa mafumbo magumu yaliyowashinda, na mwishoni wakapewa tena mafumbo ya kiwango cha yale ya mwanzo. Waliosifiwa kwa akili walishuka, na waliosifiwa kwa bidii walipanda. Lililonigusa zaidi ni kwamba watoto walipotakiwa kuwaandikia watoto wengine alama walizopata, wengi zaidi katika kundi la waliosifiwa kwa akili waliziongeza alama zao. Watafiti wengine wamebishana baadaye kuhusu uzito wa mambo haya, na mimi si mtu wa kuapa kwa utafiti mmoja, lakini nilipoyasoma niliziona sura za wanafunzi wangu. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba ana akili huanza kuilinda sifa hiyo kama mtu aliyeachiwa amana. Ulipomwambia ana akili kuliko nyote, karatasi ya 71 ilikuwa inamngoja ndani ya kamusi, na huenda alijiona anakudanganya. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa watoto wa aina hii mambo huenda kinyume, maana wao wakisifiwa mno huogopa hata kuupanda mnazi.

Sasa jambo la kunakili. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Kunakili daftari kwa mwandiko mzuri ni kazi inayochosha mkono na kuifariji nafsi, lakini haifundishi kiasi ambacho mwanafunzi anafikiri. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha jambo hili vizuri. Wanafunzi wa chuo kikuu walisoma kifungu cha habari. Baadhi walikisoma mara nne, wengine walikisoma mara moja kisha wakajaribu mara tatu kukikumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Baada ya wiki moja hali ilikuwa imegeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61 ya habari, na waliorudia kusoma asilimia 40.

Kwa hiyo usimkatazie binti yako kusaidia. Mbadilishie namna ya kusaidia. Mwenzake akikosa somo, ampigie picha kurasa alizonazo jinsi zilivyo, bila rangi wala mapambo, kisha wakae pamoja nusu saa, daftari likiwa limefungwa, naye amweleze somo kwa maneno yake mwenyewe. Atakapokwama katikati ya maelezo, amegundua pengo lake bila kungoja mtihani. Mwenzake atapata mwalimu, na yeye atakuwa amejipima. Katika miaka yangu yote ya kufundisha, sehemu za somo nilizozielewa kikamilifu ni zile ambazo mwanafunzi aliniuliza swali nikashindwa kulijibu siku hiyo.

Zamu ya Usiku amejibu:

Mimi ni muuguzi, nitasema moja tu. Saa nane usiku.

Kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 za kulala kwa kila siku. Baba, hesabu mwenyewe binti yako analala ngapi. Tafadhali usimkemee kwa kukosa usingizi mapema, kwa kuwa wakati wa balehe saa ya mwili husogea mbele, na melatonini, ambayo ni homoni inayouandaa mwili kulala, huanza kuongezeka jioni kwa kuchelewa kuliko ilivyokuwa utotoni. Si ukaidi. Hata hivyo, kuchelewa kusinzia kwa asili ni jambo moja, na kukaa chini ya taa kali ukinakili daftari la mtu mwingine ni jambo jingine, maana mwanga wenyewe huichelewesha homoni hiyo zaidi.

Wanafunzi wenye bidii huuona usingizi kama muda ulioibwa kwenye masomo. Ukweli ni kwamba ubongo huyaimarisha wakati wa kulala yale uliyojifunza mchana, hivyo mwanafunzi anayekesha siku mbili kabla ya mtihani anaharibu kazi aliyokwisha kuifanya. Wekeni saa ya kufunga kazi kwa makubaliano naye, na simu ilale nje ya chumba chake. Yako pia ilale nje ya chako, vinginevyo hatakuelewa.

Sina Maneno Mengi amejibu:

Naheshimu waliotangulia, lakini naona mnamzungusha mzee huyu. Wanaomwomba msichana huyo awafanyie kazi zao hawamwombi kwa sababu ni mwalimu mzuri. Wanamwomba kwa sababu hasemi hapana. Mkimpa mbinu bora ya kusaidia, foleni itakuwa ndefu zaidi. Mwenye ndoto ya uzamivu ajifunze mapema kufunga mlango, na baba yake amsaidie kuufunga. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Mwanahesabu Mchelewaji amejibu:

Nimesita kuandika kwa sababu habari hii inanihusu mno. Niko katika masomo ya uzamivu ya hisabati, na nilikuwa binti wa aina hiyo, isipokuwa kwamba mimi karatasi zangu nilizificha chini ya godoro.

Ndugu Sina Maneno Mengi ana hoja kuhusu kazi ya kikundi. Kumfanyia mtu kazi yake si wema, na hilo likomeshwe. Lakini kumfundisha msichana kufunga mlango kabisa ni kumnyima kitu ambacho atakihitaji sana baadaye, kwa sababu hisabati ya ngazi za juu hufanywa na watu wanaozungumza mbele ya ubao. Tazameni habari za mwanasayansi Marie Curie kabla hajaolewa na kuwa Curie. Yeye na dada yake Bronya walikuwa na hamu ya kusoma, na katika nchi yao, Poland iliyokuwa chini ya utawala wa Urusi, chuo kikuu hakikuwapokea wanawake. Wakapatana: Marie afanye kazi ya kulea na kufundisha watoto katika nyumba za watu ili amlipie dada yake masomo ya utabibu mjini Paris, kisha Bronya naye amsaidie Marie. Akafanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na mwaka 1891 zamu yake ikafika, akaenda Paris. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba wema ule ulikuwa na masharti yaliyojulikana na pande zote mbili, na ulikuwa na mwisho. Marie hakumsaidia kila aliyepita mlangoni. Binti yako anaweza kuulizwa, bila ukali, ni nani kati ya hao wote ambaye naye angekesha kwa ajili yake. Mwenzake aliyeugua huenda yumo. Wale watatu wa kikundi, nina shaka.

Jambo la pili ni alama 71, na hapa ndipo ningependa baba asome polepole. Hisabati ya shuleni humzawadia mwanafunzi anayejibu haraka na bila kosa. Hisabati anayoitamani yeye haiko hivyo kabisa. Mwaka huu nimekaa miezi minne na tatizo moja, na sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa nimekosea. Maryam Mirzakhani, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya wanahisabati duniani, mwaka 2014, alijieleza kuwa ni mtu anayefikiri polepole. Alipokuwa mdogo alitamani kuwa mwandishi, na kuna mwaka alipokuwa shuleni mjini Tehran ambapo hakufanya vizuri katika hisabati, mwalimu wake akaona hana kipaji cha pekee, naye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata alipata mwalimu mwingine aliyemtia moyo. Mwaka 1994 na 1995 alishinda medali za dhahabu katika mashindano ya kimataifa ya hisabati ya wanafunzi. Simtaji ili binti yako aambiwe kwamba naye atapata medali; Mungu apishe mbali, huo ni mzigo mwingine. Namtaja kwa sababu ya ule mwaka mbaya.

Mtu ambaye hajawahi kukosea hadharani hufika chuo kikuu na kuvunjika katika muhula wa kwanza. Nililia sana katika muhula wangu wa kwanza, si kwa sababu masomo yalikuwa magumu, bali kwa sababu sikujua kuwa watu wengine nao walikuwa hawaelewi. Kwa hiyo ningefurahi zaidi kusikia kwamba binti yako ameitoa ile karatasi na kukaa na swali lililomshinda kwa wiki nzima, kuliko kusikia kwamba mtihani ujao amepata 95.

Baba wa Binti Mmoja amejibu:

Nawashukuru wote, hata aliyesema mnanizungusha, kwa sababu suala la kikundi nililishughulikia kwanza. Nilimuuliza binti yangu yale maswali ya Mwanahesabu, naye akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba mgonjwa peke yake ndiye aliyewahi kumuuliza kama amekula. Wale wengine amewaandikia ujumbe mwenyewe. Aliufuta na kuuandika upya mara nyingi, na aliponionyesha ulikuwa bado una maneno ya kuomba radhi mara tatu. Nilimwachia moja.

Kuhusu saa ya kulala tumekubaliana saa nne na nusu usiku, baada ya yeye kutaka saa sita na mimi kutaka saa tatu. Simu yangu iko sebuleni, na ninateseka.

Karatasi sikuitaja. Jana alikuja nayo mwenyewe, akaiweka mezani mbele yangu, akaniuliza kama nina nafasi ya kusikiliza swali la 7. Nilimweleza kwamba hisabati niliiacha zamani sana. Akasema hiyo ndiyo sababu ananitaka mimi. Alifunga daftari akaanza kueleza. Mara ya kwanza sikuelewa, mara ya pili nilijifanya nimeelewa akanigundua, na mara ya tatu alisimama katikati ya sentensi, akaitazama karatasi, akaniomba nisubiri kidogo. Bado nasubiri. Amechukua karatasi na penseli akaenda nayo barazani, na asubuhi hii amesema nisimuulize.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Usimuulize.