Bia ya hopsi kali iliyolazwa kwenye pipa la mbao: mnaionjaje hadi mnaipa maksi?

Mgosi_wa_Sahare
Wakuu habari za jioni. Shemeji yangu ni baharia, juzi kashuka na chupa mbili za bia ya Marekani, sio hizi za kreti, ni zile za viwanda vidogo, lebo imejaa maneno, hopsi nyingi, imelazwa kwenye pipa la mbao za mti wa mwaloni, kileo asilimia 10. Nikasema leo ni leo. Jumamosi tukakaa uani na jamaa wawili, tumeshakula pweza na pilipili ya kutosha, nikaitoa chupa kwenye friza imeanza kushika barafu, tukamimina kwenye vikombe vya chai. Wa kwanza kuonja akauliza kama nimemnywesha klorokwini. Wa pili kasema inanuka karakana ya seremala. Mimi nikaipa 2 kati ya 5, nikamtumia shemeji meseji, kanuna mpaka leo, anasema nimeitukana bia. Imebaki chupa moja. Kwa wanaojua, hizi kitu zina namna yake ya kuonjwa au ni ubishoo tu wa watu kulipia uchungu?

Mangi_Chumbageni
Mgosi uchungu unakutisha kwa sababu umezoea laga. Kwetu Moshi mbege isiyotiwa gamba la mti wa msesewe nani anainywa? Lile gamba ni chungu kuliko hiyo klorokwini yenu lakini bila lenyewe unakunywa uji wa ndizi. Hopsi kazi yake ni hiyohiyo, ni maua, ukiyachemsha muda mrefu na maji ya kimea yanatoa uchungu, ukiyatia mwishoni au bia ikishapoa yanatoa harufu zaidi. Kwa hiyo usiseme "chungu" ukaishia hapo, sema imenukia nini.

Kaunta_ya_Zamani
Mgosi hiyo bia umeiua kabla hujaifungua. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, miwili kati ya hiyo melini, na kosa ni hilihili kila siku, mtu anataka kila chupa iwe ya baridi ya kuvunja meno. Baridi hiyo inafunga harufu, ulimi unaingia ganzi, kinachobaki ni uchungu na kileo, ndio mkakunywa dawa ya malaria. Bia ya nguvu namna hiyo weka friji sio friza, halafu itoe ikae mezani, inatakiwa digrii 10 hadi 13 hivi, kwa joto letu la Tanga robo saa inatosha, ukienda kuswali ukarudi unakuta ya moto. Pweza na pilipili baadaye. Kikombe cha chai achana nacho, tafuta glasi ya mvinyo, isuuze mpaka sabuni iishe kabisa maana mafuta au sabuni ikibaki povu linalala hapohapo utasema bia imekufa.

Mimina theluthi tu, zungusha kidogo, NUSA kwanza. Hopsi nyingi za Marekani zinanukia balungi na ganda la chungwa, mtu aliyekulia jirani na Muheza akishindwa kulijua ganda la chungwa tumrudishe shule. Nyingine zinanukia msonobari. Chini ya hapo utafute mbao: vanila, na mwaloni wa Kimarekani una harufu ya nazi, sikutanii, imo ndani ya mbao yenyewe. Pipa likichomwa ndani ndio unapata karameli na moshi kidogo. Na ule ukavu unaobana ufizi kama chai ya rangi iliyochemka hadi ikakasirika, ule ni wa mbao, sio wa hopsi, hapo ndio wengi wanachanganya.

Maksi sasa. Majaji wanaofuata karatasi ya BJCP, wale Wamarekani wanaothibitisha majaji wa bia, wanahesabu 50: harufu 12, muonekano 3, ladha 20, inavyokaa mdomoni 5, ilivyokuridhisha kwa ujumla 10. Kuanzia 30 hadi 37 wao wanaiita nzuri sana. Halafu bia inahukumiwa kwa aina yake, huwezi kuikata maksi bia ya hopsi kwa kuwa chungu, ni sawa na kuinunia ndimu.

Kitu kingine, angalia tarehe kwenye chupa. Bia ya namna hii ina ugomvi ndani yake, hopsi zinataka uinywe mapema maana harufu yake haingoji, miezi michache tu inaanza kuondoka na joto linaisukuma, wakati mbao zinataka muda. Kiwanda cha Dogfish Head cha Delaware, Marekani, kwenye bia yao ya Burton Baton walikuwa wanachachua bia mbili mbalimbali, moja ya hopsi kali, nyingine nzito ya Kiingereza, wanazichanganya kwenye tangi la mwaloni kama mwezi hivi, basi. Ikizidi mbao, umenyonya ubao.

BiMkubwa_Raskazone
Mie wa madafu msinihesabu 😂 ila marehemu babu yangu alikuwa mgema, mnazi wa asubuhi na wa jioni ni vinywaji viwili na mgema yuleyule, hivyo hayo ya tarehe nayaelewa vizuri. Na wewe mwanangu usije ukampa shemejio 5 kwa kuogopa kununiwa, mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mgosi_wa_Sahare
Shikamoo Bi mkubwa, shikamoo na mzee wa kaunta. Mrejesho.

Tarehe ilikuwa chini ya chupa kwa maandishi ya sisimizi, miezi 14! Nikambana shemeji, kakiri zilikuwa kabatini kwake melini muda wote huo, huko kuna joto kuliko Ngamiani saa nane mchana. Basi jana nimefuata yote, glasi nimeazima kwa jirani, nikakaa peke yangu, wale wawili sikuwaita.

Ganda la chungwa lipo ila kwa mbali, kama mtu kamenya chumba cha pili, harufu 7. Rangi ya shaba na povu limekaa, 3. Ladha ndio imenishangaza, uchungu unakuja lakini nyuma yake kuna vanila na ile nazi kweli ipo, kama kashata, halafu mwishoni ubao unabana kidogo kuliko ninavyopenda, 14. Mdomoni 4, ilivyoniridhisha kwa ujumla 7. Nimepata 35.

Nimempigia picha karatasi nikamtumia shemeji. Kajibu saa hiyohiyo, anataka kujua zile 15 zimeenda wapi.