Naomba ushauri: bora wa muongo 2010–2019

Wakuu, salaam kutoka Tanga. Kijiweni kwetu Ngamiani, kwenye kahawa, nimepewa kazi ya kupanga bora wa michezo wa Tanzania wa 2010 hadi 2019: mchezaji, timu na kocha, na nimekwama.

Mwanasoka Mbwana Samatta alibeba Ligi ya Mabingwa Afrika na TP Mazembe 2015, kisha ubingwa wa Ubelgiji na Genk 2019. Wazee wanamtaka mkimbiaji Alphonce Simbu, shaba ya marathoni ya dunia, London 2017. Mpira na riadha unavipimaje kwa mzani mmoja?

Timu nawapa Azam, bingwa wa Ligi Kuu ya soka 2013/14 bila kufungwa mechi (mashabiki wa Simba wamenuna).

Kocha ndiyo mtihani. Amunike, kocha wa Taifa Stars, alitupeleka AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2019, mara ya kwanza tangu 1980, tukapigwa mechi zote tatu. Nimpe au nimwache?